Chumvi ya Banda la Ngozi

Kumpata Chome Mwero wa Kinango hukuhitaji kuuliza njia. Ulifuata pua yako tu. Banda lake lilikuwa nyuma ya mnada wa ng'ombe, kuta za mawe, mlango wa mbao nzito wenye kufuli ukubwa wa ngumi, na harufu ya mle ndani ilikupokea ungali mbali, kwenye maduka ya sukari na vitambaa. Wageni waliziba pua. Chome hakuziba. Yeye aliinusa harufu ile kama mtu anavyonusa chungu cha mkewe, akajua kazi yaenda sawa au yaenda kombo.

Kazi yake ilikuwa ngozi. Ng'ombe akichinjwa, au akifa kwa kiangazi, toka Kinango hadi upande wa Mkongani, ngozi yake ilifika kwa Chome. Aliikwangua mafuta kwa kisu butu, akaimwagia chumvi ya mawe kiganja baada ya kiganja, akaikunja, akailaza juu ya wenzake, akaigandamiza kwa mawe na kuifunika kwa magunia gubigubi, nzi asipate hata tundu la kuchungulia. Miaka kumi na minane hakuna ngozi iliyomwozea mkononi. Tena alikuwa na jambo la ajabu: alifumba macho, akapapasa manyoya, akakwambia huyu alikuwa jike, amezaa mara tatu au nne, na begani alichomwa alama. Watu walimjaribu sana. Siku moja wakamletea ngozi ya punda kwa mzaha. Chome akapapasa kidogo, akafumbua macho, akamtazama yule aliyeileta.

"Pole, bwana," akamwambia. "Sikujua kama umefiwa na ndugu."

Watu walicheka hadi wakakaa chini. Basi huyo ndiye Chome, mtu wa watu, mtu aliyeaminiwa kwamba kitu ukimwachia utakikuta kama ulivyokiacha.

Na kwa sababu hiyo, mwaka wa sitini na nne, Uhuru ukiwa bado mbichi na neno harambee likisikika kila penye watu watatu, alikabidhiwa mabati ya shule.

Watoto wa upande ule walikuwa wakisomea kwenye kibanda cha nyasi. Mvua ikinyesha, mwalimu wao, Mwalimu Garama, aliwaambia waweke vitabu chini ya nguo wakimbie makwao. Wazee wakasema sasa basi, sisi tumejitawala, watoto wetu hawatafukuzwa na mvua. Kila mji ukatoa ulichokuwa nacho, mbuzi, mahindi, kuku, hata kinu kimoja kipya, na vitu hivyo vikageuka mabati arobaini ya migongo, mapya kutoka Mombasa. Lakini kuta zilikuwa bado kiunoni. Mabati yangekaa wapi?

"Nani ana mlango wenye kufuli?" aliuliza Mwalimu Garama mkutanoni.

Kila kichwa kiligeuka upande mmoja. Chome alisimama polepole, akakung'uta msuli aliojifunga kiunoni, ingawa haukuwa na vumbi.

"Nipeni mimi," alisema. "Siku ya kuezeka mtakuja kuyachukua, na mtajitazama nyuso zenu humo."

Aliyeyaleta alikuwa Nthiwa Maweu, Mkamba mmoja aliyekuwa na shamba kwenye makazi ya Shimba Hills na lori la kubebea mizigo ya watu. Lilikuwa lori kuukuu, lakini Nthiwa alilipakia kana kwamba amebeba mayai. Mabati hayakulala moja kwa moja juu ya sakafu ya lori. Aliyatandikia mabanzi, akayainua upande wa mbele, na juu akayafunga kwa kamba ya katani, si kwa mnyororo. Alipofungua turubai, mabati yaling'aa hata mbuzi waliokuwa wakipita wakashtuka.

Chome alilishika bati la kwanza akaanza kulivuta.

"La, mzee, usiburute!" Nthiwa alimzuia. "Hili ndani ni chuma, na huku nje limepakwa zinki. Zinki ndiyo nguo yake. Ukiburuta, unamvua nguo. Wewe shika huko, mimi huku, tunainua."

Wakainua, wao wawili peke yao. Moja moja, hadi arobaini. Kingo zilikuwa kali kama wembe, na Chome alivaa vipande vya ngozi viganjani. Walipomaliza, Nthiwa akaingia bandani, akatazama sakafu, akatazama madirisha mawili madogo ya juu.

"Mzee, mimi ningeyaweka juu ya magogo," alisema. "Kichwa juu, miguu chini, maji yakiingia yateremke. Tena katikati yapate upepo. Usiyafunike sana. Bati likilala na unyevu bila hewa, linaharibika likiwa jipya."

Chome alitabasamu, tabasamu la mtu mzima kwa mtoto anayemfundisha kufunga kamba za viatu.

"Mwanangu, wewe kazi yako kuendesha," alisema. "Kuweka niachie mimi. Hii nyumba haijaharibu kitu."

Nthiwa alikuwa mgeni, na aliyesema naye alikuwa mtu mzima. Akapanda lori lake akaenda zake.

Jioni ile ile Chome akafanya kazi kwa mapenzi hasa. Kwanza aliyalaza mabati chini, yakae imara. Halafu akawaza mikwaruzo: bati juu ya bati, migongo ikisuguana, hiyo nguo ya zinki aliyoambiwa itabaki? Akachukua magunia yake matupu, akalitandika moja chini kabisa na mengine kila baada ya bati, kama mtu anayetandikia watoto kitandani. Yalikuwa magunia ya nini? Ya chumvi, bila shaka. Kwake hakukuwa na gunia jingine. Akaweka mawe juu. Akafunika gubigubi. Madirisha akayaziba kwa vigae na matambara, wezi wasije wakatia mkono. Mkewe Jumwa alipomletea uji alimkuta amesimama kando, mikono kiunoni, anayatazama.

"Umeyalaza vizuri kuliko ulivyowahi kunilaza mimi," Jumwa alisema.

"Wewe huna migongo arobaini," akajibu Chome, na wote wawili wakacheka.

Mvua za masika mwaka ule zilikuja kwa fujo. Kuta za shule zilinyeshewa, kazi ikasimama. Mwezi wa nne ukapita, wa tano ukapita. Chome alichungulia mlangoni mara kwa mara, akaona magunia yametulia kama alivyoyaacha, akafunga kufuli lake akaridhika. Hakuyafunua. Ngozi iliyobanwa haifunuliwi kabla ya siku yake, huo ndio mwendo wa kazi yake, na hata hakumbuki kama alifikiri mara mbili.

Kuta zilikamilika mwezi wa saba. Fundi akaitwa kutoka Msambweni, Salimu, Mdigo mwenye nyundo mbili na maneno mengi. Asubuhi ya kuezeka, Chome aliingia bandani peke yake kabla watu hawajafika. Alitaka ayafute kidogo ili yatoke yanang'aa, watu wapige makofi.

Akaondoa mawe. Akavuta gunia la kwanza. Gunia lilikuwa zito na lilitoka shingo upande, kama limegandishwa na uji. Bati la chini yake lilikuwa jeupe. Si jeupe la kung'aa. Jeupe la unga, la mabaka, kama ngozi ya mtu mwenye ukurutu. Chome akalifuta kwa kiganja. Unga ukatoka kidogo, weupe ukabaki. Akafuta kwa msuli wake. Ukabaki. Akavuta gunia la pili, la tatu, la kumi. Kadiri alivyoteremka ndivyo mambo yalivyozidi kuwa mabaya, na mabati ya chini kabisa, yale yaliyokaribia sakafu, yalikuwa na kutu nyekundu iliyokwisha kuanza kula.

Sakafu ilikuwa na unyevu. Chome aliigusa, akapeleka kidole ulimini. Ilikuwa chumvi.

Nje akasikia sauti za watu na vigelegele vya wanawake.

Hakufikiri, mikono ndiyo iliyofikiri. Aliyakusanya magunia yote, akayasokota, akayatupa nyuma ya rundo la ngozi. Kisha akafungua mlango.

Watu walioingia wakicheka walinyamaza mmoja mmoja. Mwalimu Garama alilitoa bati nje akaliegemeza ukutani, jua likalipiga. Mtoto mmoja akauliza kwa sauti ni nani aliyeyamwagia unga, mama yake akamfinya. Salimu fundi alichutama, akakwaruza kwa ukucha, akanusa, akalamba ukucha wake.

"Wallahi," alisema, "haya yamekunywa maji ya chumvi."

Maneno hayo tu. Kwa Salimu, mtu wa pwani kabisa, chumvi ni chumvi. Lakini kwa watu wa Kinango, ambao hata maji ya kunywa ni shida, maji ya chumvi yana mahali pamoja tu duniani.

"Baharini!" mtu akapiga kelele.

"Kwenye feri! Kule Likoni!"

"Yule Mkamba! Aliyaacha yakarushiwa maji!"

"Au aliyabadilisha! Mapya yetu ameezekea kwake, akatuletea yaliyozama!"

Chome alikuwa amesimama mlangoni mwa banda, mkono mmoja kwenye kufuli. Aliona vizuri mahali alipotakiwa kuingiza neno. Palikuwa wazi kama mlango. Mwalimu Garama hata alimgeukia akamuuliza, "Mzee Chome, wewe uliyapokea. Yalikujaje?"

"Yalikuja..." alisema Chome. "Yalikuja yamefunikwa turubai."

Ilikuwa kweli. Hakuna neno hata moja la uongo humo. Na watu wakaitikia, "Ahaa!", kwa sababu turubai ni kitu cha kufichia.

Siku zilizofuata Chome hakuweza kula. Jumwa alimpakulia sima, yeye akaimega, akaishika mpaka ikapoa. Mnadani watu walimpa pole. Ati ameonewa, mzee wa watu, ametunza takataka miezi mitatu akidhani anatunza mali. Kila pole ilimwingia kama mwiba, akaitikia, "Ahsante, ahsante," macho chini. Alipoanza kuingia mjini kwa njia ya nyuma, Jumwa akamuuliza, "Nani unamkimbia?" Chome alijua vema. Alimkimbia kila mtu aliyekuwa bado anamwamini.

Na habari ya Nthiwa ilikuwa inakwenda bila miguu. Wafanyabiashara wawili walikuwa wamekwisha kumnyima mizigo. Mnada uliofuata, wazee walisema, aitwe, asimame mbele za watu, na kama hana la kusema, basi lori lake lisikanyage Kinango tena, na habari zake zipelekwe Kwale na Mkongani na kila linakopita.

Nthiwa alikuja. Hakuja na ndugu wala rafiki. Alikuja na mkewe Kanini tu, aliyebaki ameketi ndani ya lori, mikono kifuani. Mabati yalikuwa yamepangwa uwanjani mbele ya kuta zisizo na paa. Watu walikuwa wengi.

"Mimi nilileta mabati mazima," Nthiwa alisema. "Siku ile hata mbuzi walijiona ndani yake."

"Mbuzi ndio mashahidi wako?" mmoja akamdhihaki, na watu wakacheka kicheko kibaya.

"Rudisha mabati yetu, wa bara wewe!"

"Watoto wetu wanyeshewe kwa sababu yako?"

Nthiwa aliinama akainua bati moja, akalielekeza kwenye jua, akaligeuza hivi na hivi. Chome, aliyekuwa amesimama nyuma ya wazee, akamwona anasita. Nthiwa alisogeza uso karibu. Kwenye ule weupe kulikuwa na alama, vijimistari vidogo vidogo vilivyokatizana, vimejipanga kama nyuzi za kitambaa. Alipitisha kidole juu yake. Kila mtu aliyewahi kubeba gunia mgongoni angeijua alama ile.

Nthiwa akainua kichwa, akatafuta katika watu, mpaka macho yake yakamkuta Chome.

Hakupiga kelele. Hakumnyooshea kidole. Alilishusha lile bati taratibu, bila kuliburuta, akasema, "Mzee Chome, mimi niliyaleta, lakini wewe ndiye uliyeyalaza. Ukisema wewe, mimi nimemaliza."

Akangoja.

Lau angemtukana! Lau angelia, "Ni huyu hapa!", Chome angepata pa kushikilia; angekana, angekasirika, angesema Mkamba huyu anataka kunivua nguo mbele ya watoto wangu. Lakini kijana alikuwa anamngoja tu, kama mtu anayemshikia mwenziwe mlango. Wakati huo Kanini alikuwa ameteremka kwenye lori, amesimama, mkono mdomoni.

Chome akageuka akaenda zake. Watu wakapigwa na butwaa. Akaingia bandani. Akatoka amekumbatia magunia, mengine yakimburuzika miguuni, akayamwaga katikati ya uwanja, vumbi jeupe likainuka.

"Onjeni," alisema.

Hakuna aliyesogea.

"Onjeni, nawaambia! Mwalimu, onja. Chumvi hii haikutoka kwenye feri. Ni ya kwangu. Ni mimi niliyeyatandika haya katikati ya mabati, kila bati na gunia lake. Huyu aliniambia niyape hewa, niyainue kichwa. Aliniambia kwa mdomo wake, mimi nikamwambia kazi yake ni kuendesha. Na siku ile niliyaficha haya magunia kabla hamjafika. Nikawasikia mkimwita mwizi. Nilisikia."

Lilikuwa neno la mwisho hilo lililowachoma watu. Kosa la kutojua wangelicheka, wangelisimulia mnadani miaka mitano kisha wakalisahau. Lakini nilisikia! Wazee walitazama chini. Mzee mmoja aliyekuwa amepiga kelele zaidi juu ya feri alianza kukohoa, akakohoa mpaka akaondoka.

Salimu fundi akasogea kwenye mabati. "Haya, yakhe, mabati hayaezekwi kwa machozi," alisema. "Yenye weupe yatasuguliwa. Ndimu, makumbi ya nazi, kisha maji, maji mengi, chumvi yote itoke, halafu juani. Yenye kutu nyekundu hayo yakatieni mabanda ya kuku."

Maji mengi! Mwezi wa saba Kinango, bwawa limeshuka, akina mama wanatoka alfajiri na madebe.

Chome alichukua debe lake mwenyewe akaelekea bwawani. Mwanamume mtu mzima na debe kichwani. Watoto walimfuata nyuma wakimtazama. Alikwenda mara ya kwanza, akarudi. Mara ya pili. Bati moja lilikunywa madebe mawili. Mara ya tatu alipokuwa anarudi, shingo inatetemeka, alimkuta Mapenzi, mama wa watoto sita anayejulikana kwa ulimi wake, ameongoza safu ya wanawake, kila mmoja na debe lake.

"Tupishe njia, babu," Mapenzi alisema. "Ukienda mwendo huo wajukuu wangu ndio watakaosoma humo." Akamwaga debe lake juu ya bati. "Leo mabati yanaoga, na wangu wana siku ya tatu hawajaona maji usoni! Chome, yasugue vizuri hayo, nitakuja kukagua masikio."

Wanawake wakacheka. Chome alisugua. Maji yale yalimwuma kuliko ndimu iliyoingia kwenye mikato ya vidole vyake, maana kila debe alilijua limetoka wapi na jungu gani litachelewa kwa ajili yake. Afadhali wangemwacha abebe peke yake.

Siku mbili walisugua. Mabati thelathini na moja yakapona, si kwa uzuri. Yalibaki na mabaka ya kijivu, mwanga wake umekufa. Tisa yalikatwa. Nthiwa aliyaleta mengine tisa kutoka Mombasa, yaliyonunuliwa kwa mbuzi na mahindi ambayo miji ilitoa tena, na hakuna aliyemtajia Chome jambo hilo. Mabati hayo tisa hayakulala bandani. Yalikaa kwenye lori, yameinuliwa kichwa, mpaka dakika ya kupigiliwa msumari. Walipopita nayo mbele ya mlango wake hakuna aliyemwomba kufuli, na Chome alijifanya ana ngozi ya kukwangua.

Paa likapanda. Siku ya kufunguliwa shule kulikuwa na ngoma na wali, na wazee wakaketishwa mbele. Chome alikaa mwisho wa umati, karibu na njia, ili aweze kuondoka mtu asimwone. Nthiwa alipofika, watu walimpisha, wakampa mkono, baadhi yao kwa haraka haraka, kama watu wanaolipa kitu wasichotaka kukitaja. Alikuwa aende mbele akakae kwenye kiti alichowekewa. Badala yake akakata kando ya umati, akapita watu mmoja mmoja, mpaka akasimama mbele ya Chome.

Waliokuwa wanakula walisimamisha mikono.

"Shikamoo, mzee," alisema Nthiwa, tena kwa sauti, kila mtu asikie.

Jibu lake kila mtoto wa pwani analijua kabla hajajua kutembea. Chome alifungua mdomo, likakataa kutoka. Aliwaza kwamba mtu huyu anampa heshima ambayo yeye mwenyewe alimnyang'anya mchana kweupe, na sasa lazima aipokee, hapa, mbele ya watu wote, maana kuikataa ni kumvunjia heshima mara ya pili. Alitazama viatu vya Nthiwa, vimejaa vumbi la njia ya Kwale.

"Marahaba," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo kiasi kwamba ilibidi Nthiwa ainame ili aisikie.

Nthiwa akasikia, akaitikia kwa kichwa, akaenda kukaa. Chome akabaki pale pale, uso umemwaka moto, na hakuondoka kabla ya wengine.